Wiki Moja Chuo Kikuu: Saa Zisizoonekana



Tukitembelea vikundi vya Kisauni, kuanzia Mishomoroni na Mjambere mpaka Utange na Mwakirunge, tunakuta jambo moja la kutia moyo. Kikundi kilichoanza kwa mchezo wa pesa au kwa kufuga kuku, leo kina mtoto wake chuo kikuu. Pengine ni mtoto wa mwanachama, pengine ni yatima aliyelelewa na kijiji kizima. Harambee imefanywa, karo imelipwa, na siku ya kuondoka sala zimesomwa.

Lakini baada ya miezi miwili hivi maneno huanza. "Mbona Jumanne yuko nyumbani?" "Ati anasoma saa tatu tu kwa siku?" "Sisi tunachanga, na yeye amekaa na karatasi kitandani." Basi binti anaambiwa akakae kwenye kibanda cha viazi karai, na kijana anaitwa mjengoni. Muhula ukiisha matokeo yanakuja mabaya, na kikundi kinasema pesa zetu zimepotea.

Pesa hizo hazikupotea siku ya matokeo. Zilipotea kidogo kidogo, Jumanne hii na Alhamisi ile, kwa sababu kikundi hakikuelezwa wiki ya chuo kikuu ina nini ndani yake. Sehemu kubwa ya wiki hiyo haionekani kwa mtu aliye nje. Katika makala haya tutaifungua wiki hiyo, tuihesabu saa kwa saa, kisha tuone kikundi kinaweza kufanya nini.

CHUO NI MATUNDA YA MCHANGO

Kwanza tukumbuke kwamba chuo kikuu si kitu cha watu wengine. Vijana wetu wengi wa Kisauni huvuka Daraja la Nyali kwenda Tudor, kwenye Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, ambacho wengi hukiita TUM. Hebu tuangalie kilivyoanza.

Miaka ya 1940 watu wa Pwani waliona kwamba vijana Waislamu wa Afrika Mashariki hawana mahali pa kujifunza ufundi. Mchango ukafanywa. Sultani wa Zanzibar alitoa, Aga Khan alitoa, jamaa ya Mabohora walitoa, na serikali ya kikoloni ikaongeza. Kiwanja kilitolewa na Sheikh Khamis Mohammed bin Juma wa hapa Mombasa. Taasisi ikaandikishwa mwaka 1948 kwa jina la MIOME, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951. Mwaka 1966 ikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 ikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, na Januari 2013 ikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Januari hiyo hiyo Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi nacho kilipata hati yake.

Sisi Wakatoliki tuna historia ya namna hiyo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walianzisha taasisi ya juu ya masomo Nairobi mwaka 1984, na mwaka 1992 ikapata hati ya serikali kuwa Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki.

Kwa hivyo kikundi kinapochanga karo kinafanya kazi ile ile iliyofanywa na wale wa miaka ya 1940. Tofauti ni kwamba wao walichanga pesa na kiwanja, na sisi tunatakiwa kuchanga pesa na saa. Tutaeleza.

MHADHARA NI NINI?

Hapa Mombasa mtu akisikia neno mhadhara, anafikiria mikutano ya dini ya hadhara, spika zimefungwa, watu wamesimama wanabishana juu ya vitabu. Mhadhara wa chuo ni kitu kingine. Ni kipindi ambacho mwalimu, yaani mhadhiri, anasimama mbele ya wanafunzi, pengine 30, pengine 200, na kuwaeleza somo kwa mpango tangu mwanzo wa muhula mpaka mwisho.

Asili yake ni ya zamani. Katika vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya, kama Bologna na Paris, vitabu viliandikwa kwa mkono na vilikuwa ghali mno. Mwalimu alikuwa na kitabu, wanafunzi hawana. Basi alisoma na kueleza, nao wakaandika. Wenzetu Waislamu wanalijua jambo hili vizuri, kwa sababu darsa za msikitini zimeendeshwa hivyo tangu kale: kitabu kimoja, mwalimu mmoja, na duara la wasikilizaji.

Siku hizi vitabu vipo, lakini mhadhara umebaki kwa sababu nzuri. Mhadhiri anaonyesha njia: hapa pana uzito, hapa pana mgogoro kati ya wataalamu, hapa wengi hukosea. Anayesikiliza mhadhara amepewa ramani ya shamba. Kulima bado.

Hapo ndipo chuo kinapoachana na shule ya sekondari. Sekondari mwalimu anakulimia karibu shamba lote: anafundisha, anasahihisha daftari, anakufuata ukizembea. Chuoni mhadhiri anatoa ramani kwa saa moja au mbili au tatu, kisha anaondoka. Hapigi mtu kiboko, wala hamwiti mzazi. Mwanafunzi akifikiri kusikiliza mhadhara ndiyo kusoma, amekwisha. Na kikundi kikifikiri hivyo pia, kimemmaliza haraka zaidi.

VIPINDI VINGINE VYA WIKI

Mbali na mhadhara, wiki ina mambo mengine manne ya masomo.

1. Kipindi cha mjadala. Wanafunzi wachache hukaa na mwalimu na kufanya maswali juu ya yale ya mhadhara. Hapa asiyesoma huonekana mara moja, maana ni lazima kila mtu aseme. Pengine wanafunzi hupanga mjadala wao wenyewe, watano au sita, chini ya mti au katika chumba kitupu. Mtu akipita huona ni vijana wanapiga soga, kumbe wanafanya kazi ngumu kuliko ya darasani.

2. Maabara na karakana. Anayesoma uhandisi, sayansi, udaktari wa maabara au upishi wa hoteli ni lazima afanye kwa mikono. Vipindi hivi huchukua saa tatu kwa wakati mmoja. Baada ya hapo kuna ripoti ya kuandika nyumbani.

3. Kazi za kuandika. Mhadhiri hutoa swali, na mwanafunzi hupewa wiki moja au mbili kutafuta vitabu, kusoma na kuandika jibu lake. Akinakili ya mwenzake ni kosa kubwa, na anaweza kuadhibiwa.

4. Maktaba na kujisomea. Hiki ndicho kipande kikubwa kuliko vyote, na hakimo katika ratiba iliyobandikwa ukutani.

Zaidi ya hayo kuna michezo, vyama vya wanafunzi, sala na Misa, mikutano ya kusikiliza wageni, na ziara za kwenda kuona viwanda au mashamba. Mambo haya yasidharauliwe. Kijana anayejifunza kuendesha mkutano wa chama cha wanafunzi, kuandika kumbukumbu na kutunza pesa za wenzake, ndiye atakayekuja kuwa katibu mzuri wa kikundi chenu.

WIKI YENYEWE ILIVYO

Tuchukue mfano. Si ratiba ya chuo fulani, ni mfano tu wa kutusaidia kuona. Tuseme ni binti wa Mjambere anayesoma biashara mjini na kurudi nyumbani kila jioni. Ana masomo sita kwa muhula, au yuniti sita kama wanafunzi wanavyosema. Kila somo lina saa tatu za darasani kwa wiki.

Jumatatu anaingia saa 2 asubuhi mpaka saa 5 kwa somo la hesabu za biashara. Alasiri saa 8 mpaka saa 11 ana uchumi. Kati ya hapo saa tatu ni tupu. Anayejua atazitumia maktaba.

Jumanne hana darasa. Hii ndiyo ile Jumanne ya maneno. Lakini ana kazi ya kuandika ya uchumi inayotakiwa Ijumaa, na kurasa 40 za kusoma kabla ya Jumatano.

Jumatano ana masomo mawili tena, moja asubuhi moja alasiri. Alhamisi ana moja asubuhi, halafu saa 6 wamekubaliana na wenzake watano wakutane kufanya maswali ya hesabu. Ijumaa ana somo lake la sita asubuhi, anapeleka kazi ya kuandika, na mchana chuo hutulia kidogo kwa sababu ya sala ya Ijumaa.

Jumamosi ni ya kufua, kusaidia nyumbani, na kurudia masomo ya wiki. Jumapili ni Misa, kupumzika, na jioni kutazama ya Jumatatu.

Mtu wa nje akiangalia ataona siku nne za kwenda chuoni, na siku nyingine ni nusu tu. Sasa tuhesabu.

HESABU YA SAA

Saa za darasani: masomo 6 mara saa 3, ni saa 18 kwa wiki.

Saa za kujisomea: desturi ya vyuo vikuu vingi duniani ni kwamba kila saa moja ya mhadhara inadai saa moja mpaka mbili za mwanafunzi mwenyewe. Kwa hesabu ndogo ni saa 18, kwa hesabu kubwa ni 36. Tuchukue katikati, saa 27.

Darasani 18 na kujisomea 27, jumla saa 45. Anayefanya kazi ya ofisi saa 8 kwa siku, siku 5, anafanya saa 40. Kwa hivyo binti huyu anafanya kazi kuliko karani wa ofisi. Lakini katika zile 45, sisi tunaziona 18 tu. Zile 27 hazionekani. Anaonekana amekaa, na mtu aliyekaa ni rahisi kutumwa.

Anayesoma uhandisi au sayansi ndiye mwenye mzigo zaidi. Kwa desturi ya vyuo vyetu vya Kenya, saa moja ya mhadhara huhesabiwa sawa na saa mbili za mjadala au saa tatu za maabara. Maana yake, somo lenye mhadhara wa saa mbili na maabara ya saa tatu linamweka mwanafunzi darasani saa 5, lakini kwenye hesabu ya chuo ni 3. Kijana wa namna hiyo hutoka karakanani jioni amechoka kama fundi.

Sasa tuongeze njia. Kutoka Kisauni mpaka mjini asubuhi ni msongamano wa magari, na darajani ndipo papo hapo. Tukisema saa mbili kwenda na kurudi kwa siku nne, ni saa 8 zaidi. Jumla imefika 53.

Wiki nzima ina saa 168. Toa usingizi wa saa 8 kila usiku, yaani 56, zinabaki 112. Toa 53, zinabaki 59. Hizo ndizo za kula, kuoga, kusali, kuteka maji, kupika, kusaidia mama na kucheka na wenzake. Tunaona basi kwamba nafasi ya kusaidia nyumbani ipo. Hatusemi mwanafunzi akae kama mgeni mpaka atengewe chakula. Tunasema isaidiwe nyumba kwa saa za nyumba, zisiibiwe saa za masomo.

KUKOSA WIKI MOJA KUNAGHARIMU NINI?

Somo moja huhesabiwa kuwa na saa 45. Ukigawa kwa saa 3 za kila wiki, unapata wiki 15. Basi mwanafunzi akikosa wiki moja, amepoteza sehemu moja katika 15 ya kila somo, katika masomo yote sita kwa pamoja.

Tena vyuo vina sheria za kuhudhuria. Kila chuo kina yake, na vingine hudai mwanafunzi ahudhurie theluthi mbili, vingine robo tatu, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani. Kwa theluthi mbili, ukipita wiki 5 za kukosa katika 15, huna mtihani. Kwa robo tatu, wiki 3 tu ndizo unazoweza kukosa. Karo mmelipa yote, mtoto hana ugonjwa, na mtihani hafanyi.

Halafu kuna alama. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya, alama 100 za somo hugawanywa hivi: 30 hutoka katika kazi na majaribio ya katikati ya muhula, ambayo wanafunzi huyaita kati, na 70 hutoka katika mtihani wa mwisho. Kwa kawaida alama ya kupita ni 40.

Tazameni hesabu hii. Mwanafunzi aliyepata 20 katika zile 30 za mwanzo anahitaji 20 tu kati ya 70 ili apite. Aliyekosa kati zote kwa sababu alikuwa matangani au kibandani ana sifuri, na sasa anatafuta 40 kati ya 70. Mtihani ni ule ule, lakini mlima wake ni mara mbili. Na akianguka, kuna mtihani wa marudio, pengine kurudia somo zima, na ada nyingine. Nani atalipa? Ni kikundi kile kile.

MAMBO YANAYOIBA WIKI HAPA KWETU

Katika kuzungumza na wazazi na vijana tumeona mambo matano yanayorudi rudi.

Kwanza ni nauli. Karo imelipwa na muhula umeanza, lakini hakuna aliyefikiria ile ya matatu kila asubuhi. Mwanafunzi anaanza kuchagua: leo nina darasa moja, sitaenda. Au anatembea kutoka mbali, afike amechoka na mhadhara umeanza.

Pili ni biashara ya nyumbani. Mama ana kibanda, na mtoto aliyesoma anajua hesabu. Saa moja inakuwa asubuhi nzima.

Tatu ni matanga na sherehe. Sisi watu wa Pwani tunajali mazishi, na ni vizuri. Lakini kuna tofauti kati ya kwenda kumzika babu na kukaa siku kadhaa kwa jamaa wa mbali wakati kuna kati ya hesabu Jumatano.

Nne ni mahali pa kusomea. Chumba kimoja, watu sita, redio ya jirani, taa hafifu. Saa 27 za kujisomea zitafanyika wapi?

Tano ni kazi za wasichana. Kijana akirudi chuoni huulizwa, "Umekula?" Binti akirudi huulizwa, "Maji yameletwa?" Wote wawili wana mtihani mmoja na karo moja. Hapa kina baba na kina mama tuambiane ukweli bila kukasirika.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Tunapendekeza hatua sita. Zijadilini, mchukue zinazowafaa.

1. Mwulizeni mwanafunzi ratiba. Wiki ya pili ya muhula aje kwenye mkutano wa kikundi na nakala ya ratiba yake. Aieleze: darasa lini, kujisomea lini, kati ni tarehe gani, mtihani wa mwisho ni wiki ipi. Katibu aiweke kwenye faili pamoja na risiti za karo. Wiki ya kwanza msimsumbue, maana ni ya kujiandikisha, kupata kitambulisho na kuonyeshwa maktaba na madarasa.

2. Andikeni mapatano. Karatasi moja inatosha. Upande mmoja: kikundi kitatoa nini, lini. Upande wa pili: mwanafunzi atahudhuria, ataleta matokeo kila muhula, na atasema mapema akipata shida. Wote watie sahihi, na mzazi pia.

3. Wekeni nauli na matumizi katika bajeti tangu mwanzo. Msichange karo peke yake. Kuna nauli, kupiga chapa na kutoa nakala, na bando za intaneti, kwa sababu tangu vyuo vilipofungwa kwa korona mwaka 2020 masomo mengi pia hupitia simu. Ni heri kutoa kidogo kila wiki kuliko kingi siku moja.

4. Ombeni mkopo na basari kwa wakati. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, iliundwa mwaka 1995. Pesa zake ni deni, zitarudishwa mwanafunzi akimaliza, kwa hivyo mweleweshe mapema. Utaratibu wa serikali wa kugharamia wanafunzi ulibadilishwa mwaka 2023 na ukafikishwa mahakamani, kwa hivyo msitegemee maneno ya njiani. Kila mwaka ulizeni ofisi ya chuo kabla ya kupanga bajeti.

5. Tafuteni chumba cha kusomea. Darasa la chekechea jioni, ukumbi wa parokia, ofisi ya kikundi. Meza moja, viti vinne, taa nzuri, na mtu mzima wa kushika ufunguo. Wanafunzi wa sekondari nao watafaidika. Waislamu na Wakristo wakae meza moja.

6. Lindeni saa za kusoma. Kikundi kikubaliane kwamba siku za ratiba mwanafunzi hatumwi. Mzee mmoja au mama mmoja mwenye kuheshimiwa apewe kazi ya kuwa mlezi wake. Jirani akisema, "Huyu mbona amekaa tu?", mlezi ajibu, "Yuko kazini."

Kwa anayekwenda Kilifi au Nairobi na kulala huko, saa za njia hupungua lakini kuna hatari nyingine: upweke, marafiki wabaya, njaa mwisho wa mwezi. Mlezi ampigie simu kila wiki. Asiulize tu, "Umesoma?" Aulize, "Wiki hii ulikuwa na kati gani? Kazi ya kuandika umepeleka?" Maswali kama hayo yanamwonyesha mtoto kwamba nyumbani wanaelewa.

ELIMU IRUDI KIJIJINI

Kuna mwanachama atakayesema: haya yote ni ya mtoto mmoja, na sisi tunaobaki hapa? Ni swali la haki. Lilijibiwa zamani katika nchi ya mbali, na jibu lake lilifika mpaka kwetu.

Kule Kanada, katika jimbo la Nova Scotia, kuna mji mdogo uitwao Antigonish na chuo kikuu cha Kikatoliki cha Mtakatifu Fransisko Xaveri. Wavuvi na wakulima wa eneo hilo walikuwa maskini sana. Samaki na kamba wao walinunuliwa na matajiri kwa bei ya kutupa. Padre Jimmy Tompkins aliona si haki chuo kiwe na vitabu na walimu huku watu wa kando yake wakibaki gizani. Januari 1921 akafungua Shule ya Watu. Watu wazima zaidi ya 50 waliingia chuoni kwa wiki kadhaa za majira ya baridi, wakati shamba limelala. Hapakuwa na mtihani wa kuingia wala cheti kilichoulizwa. Walisikiliza mihadhara, wakafanya mijadala, kisha wakarudi makwao.

Mwaka 1928 chuo kikaunda idara nzima ya kazi hiyo chini ya Padre Moses Coady. Yeye aligeuza njia: badala ya watu kwenda chuoni, chuo kikaenda vijijini. Watu wachache walikutana jikoni mwa mtu jioni, wakasoma karatasi moja juu ya jambo lao wenyewe, kwa mfano bei ya samaki, wakajadiliana, wakaamua la kufanya. Kutoka mikutano hiyo zikazaliwa ushirika wa wavuvi na vyama vya akiba na mikopo. Mwaka 1959 chuo hicho kikafungua taasisi yenye jina la Coady, na watu wa maendeleo kutoka nchi nyingi, Kenya ikiwemo, wamesoma huko.

Kwa hivyo mwanafunzi wenu akija likizo ndefu, msimpe kazi ya kibanda peke yake. Mwombeni mikutano minne, kila mmoja saa moja. Anayesoma biashara aeleze jinsi ya kuandika vitabu vya pesa za kikundi. Anayesoma sayansi aeleze maji ya kisima yanavyochafuka. Afanye kama chuoni: aeleze nusu saa, halafu nusu saa mjadiliane kwa mifano yenu. Yeye atajifunza zaidi kwa kufundisha, nanyi mtapata kitu cha mchango wenu kabla hata hajavaa joho.

MASWALI YA KUJADILIANA

Mwenyekiti asome makala haya kwa sauti, kisha kikundi kigawanyike watu watano watano.

1. Je, tunajua ratiba ya mwanafunzi wetu wa wiki hii? Kama hatuijui, nani atamwuliza, na lini?

2. Katika mambo matano yanayoiba wiki, lipi lina nguvu zaidi katika mtaa wetu? Tunaweza kulipunguza kwa njia gani?

3. Binti na kijana wanaosoma wanagawiwa kazi za nyumbani sawasawa? Tutoe mifano bila kutaja majina.

4. Ni chumba gani hapa kwetu kinachokaa tupu jioni, na nani ana ufunguo wake?

5. Kuanzia mkutano ujao, tutalinda siku gani na saa gani za mwanafunzi wetu? Tuandike, na tuweke sahihi.